Herufi Thelathini za Mashavu

Mashavu alikuwa fundi cherehani aliyependa kuunda kompyuta kutokana na vyuma chakavu, kwa kujifurahisha tu. Inspekta Kigumba alipozisikia habari hizo, akaamua kwamba huyo ni mdukuzi. Akapekua nyumba bila kibali cha mahakama, akamchukua Mashavu pamoja na kompyuta zake tatu hadi kituoni.

"Haya mama, toa neno la siri, ama vitu hivi huvioni tena!"

"Ni herufi thelathini, afande. Ukikosea moja, kila kitu kinafutika."

"Taja, naandika."

"Zote ndogo, na usiache nafasi."

Mashavu akataja herufi moja moja. Kigumba akaandika, ulimi ukimtoka pembeni ya mdomo.

"Tia saini na mhuri, afande, nisije nikasingiziwa."

Akatia, akampelekea mkuu wa kituo karatasi kwa mbwembwe, Mashavu akimfuata nyuma. Mkuu akavaa miwani, akasoma polepole kwa sauti:

"Mimi Kigumba nilipekua bila kibali."

Akamtazama. "Saini yako hii?"

"Yangu, mkuu, lakini hilo ni neno la siri la kompyuta zake!"

"Kompyuta zangu?" Mashavu akashangaa. "Hizo hazina neno la siri, afande. Unaziwasha tu."