Dubu Kumi na Mmoja wa Bi Mwanamvua

Paukwa!

Pakawa!

Mko?

Tuko!

Masikio yenu yako wapi?

Yako kwako, babu, yajaze!

Basi sogeeni. Wewe wa nyuma, acha kumfinya mwenzako, utakosa mwanzo na mwanzo sirudii.

Palikuwa na mwanamke katika kijiji cha Kwembalazi, jina lake Mwanamvua. Mume wake alikuwa amekufa, watoto wake walikuwa wameoa na kuolewa mbali, na nyumbani alibaki na mjukuu mmoja tu, msichana wa miaka sita aitwaye Sikudhani.

Bi Mwanamvua alikuwa fundi wa sindano. Nguo aliyoishona yeye ilichakaa kitambaa, uzi haukufumuka.

Siku moja akapita msafiri, mtu wa mbali. Akakaribishwa, akala, akashiba, na katika mazungumzo akasimulia habari za mnyama aitwaye dubu.

"Ni mnene," alisema msafiri. "Ana masikio ya mviringo kama vikombe viwili, hana mkia wa kujivunia, na akitaka husimama kwa miguu miwili kama mtu aliyesikia anaitwa."

Bi Mwanamvua hakuwahi kumwona dubu. Kwembalazi nzima hakuna aliyewahi kumwona. Lakini hilo halikumzuia. Msafiri alipokwenda zake, akachukua vipande vya kaniki na kanga kuukuu, akakata, akashona, akashindilia tumboni sufi, ile pamba nyepesi ya mti wa msufi, mpaka tumbo likatuna, akamwekea macho ya vifungo vya kifuu cha nazi. Akamkalisha kwenye kigoda, akamtazama. Dubu naye akamtazama.

"Wewe ni Mpole," akamwambia.

Basi akashona wa pili, akamwita Kibonge. Akashona wa tatu, akamwita Sijali, maana sikio moja lilikaa upande na mwenyewe hakuonekana kujali. Akashona, akashona, akashona, mpaka wakawa kumi na mmoja, wamekaa kwa mstari kwenye ubao wa ukutani kama wageni wanaosubiri chai. Kila asubuhi aliwaamkia mmoja mmoja kwa jina, ndipo akawasha moto.

Wanawake wa kijiji wakaanza kuja. "Bi Mwanamvua, nipe mmoja nimpelekee mwanangu."

Huyu akaambiwa, "Bado, sikio halijakaa vizuri." Yule akaambiwa, "Bado, hajazoea watu." Wa tatu akaambiwa, "Bado, huyu ana mafua."

"Mafua? Dubu wa kitambaa?"

"Ndiyo. Msikilize anavyohema."

Watu wakacheka, wakaenda zao. Bi Mwanamvua hakujali. Kutoa hata mmoja hakuweza, na hakuona haya kwa hilo.

Sasa, chini ya kijiji palikuwa na mto, na katika mto palikuwa na kilindi, na katika kilindi kile likahamia zimwi. Ngozi yake ilikuwa tope tupu, mdomo wake kama mlango wa zizi. Lilitoka asubuhi umande ukiwa bado chini, na kabla jua halijafika utosini lilikuwa limekwisha rudi kulala chini kabisa ya kilindi. Jua lililiogopesha, kwa kuwa tope likipigwa na jua hukauka.

Zimwi lile halikula kila kitu. Lilikula kinachopendwa. Lilikuja likinusa huku likiimba:

*Nanusa, nanusa,*
*nanusa kinachopendwa!*
*Kisichopendwa hakinishibishi!*

Siku ya kwanza likamchukua ng'ombe wa Mzee Shekimweri, mkuu wa kijiji. Ng'ombe wengine wanane walikuwa pale pale zizini, halikuwagusa. Lilimtaka yule mmoja ambaye mzee alikuwa akimwimbia wakati wa kumkamua. Siku ya pili likamchukua mbwa wa mwindaji. Siku ya tatu likasimama katikati ya kijiji, likavuta hewa kwa nguvu, na mapaa yakatikisika.

"Nimeshiba wanyama," likasema. "Hapa kuna watoto, nao wananukia kupendwa! Kesho nitaanza."

Basi hofu ikaingia. Mzee Shekimweri akawaita watu, akasema, "Jamani, tufiche mapenzi. Kila mzazi amwambie mwanawe kwamba hampendi. Pengine zimwi litadanganyika."

Jioni ile ikawa mbaya. Nyumba hii mama anapiga kelele, "Sikupendi wewe!" huku machozi yanamtoka. Nyumba ile baba anasema, "Sikutaki, ondoka mbele yangu!" kisha anageuza uso ukutani. Watoto wakalia, hawakujua wamekosa nini.

Mzee Shekimweri akapita kwa Bi Mwanamvua. "Umemwambia mjukuu wako?"

"Sikumwambia."

"Bi Mwanamvua! Unataka aliwe?"

"Mzee, nakuheshimu," akasema Bi Mwanamvua. "Lakini uongo huo sitausema. Zimwi lina pua, halina masikio ya kudanganywa. Mtoto ndiye mwenye masikio, na ndiye atakayeamini. Sikudhani, njoo hapa. Nakupenda. Umesikia?"

"Nimesikia, bibi," akasema Sikudhani.

"Basi kalale."

Kulipokucha zimwi likaja. *Nanusa, nanusa, nanusa kinachopendwa!* Likapita nyumba ya kwanza, likapita ya pili, likapita ya tatu, likafuata harufu iliyozidi zote, likasimama mlangoni kwa Bi Mwanamvua. Likaingiza pua ndani, likavuta hewa, kisha likashangaa.

"Nyumba hii ina nini? Mbona inanukia kama ya watoto kumi na wawili?"

Bi Mwanamvua alikuwa amesimama mbele ya Sikudhani. Akaelewa mara moja. Kumi na wawili! Ni Sikudhani na dubu wake kumi na mmoja.

Karibu na mkono wake palikuwa na dubu mwingine, aliyemshona harakaharaka usiku ule kwa sababu usingizi ulikataa, hata jina hakumpa. Akamrusha huyo. Zimwi likadaka, likatafuna, likatema.

"Ptuu! Hiki hakijapendwa! Nipe mtoto!"

"Subiri," akasema Bi Mwanamvua. Akaenda ubaoni, akamchukua Mpole, wa kwanza wake. Akamshika kidogo tu. Kisha akamtoa.

Zimwi likammeza mzimamzima, likafumba macho. "Mmmh! Hiki kimependwa! Kimependwa sana! Leo nimetosheka. Kesho nitarudi." Likaenda zake.

Bi Mwanamvua akakaa chini. Nafasi ya Mpole pale ubaoni ilikuwa wazi kama pengo la jino.

Basi akachukua yule dubu aliyetemwa, amejaa tope na ute, wakaenda na Sikudhani mtoni kumfua, mbali na kilindi. Lakini dubu hakukubali kuzama. Sikudhani akamsukuma kwa fimbo, akaibuka. Akamsukuma tena, akaibuka. Akamsukuma mara ya tatu, akaibuka na kuwarushia maji usoni.

"Bibi, huyu ni mkaidi!"

"Si mkaidi," akasema Bi Mwanamvua. "Ni sufi. Sufi haizami."

Siku ya pili zimwi likaja, lakini lilikuja likinuna na kujikuna ubavuni. Bi Mwanamvua akampa Sijali, likameza.

"Mbona leo umenuna?" akaliuliza, kama anayemjulia hali jirani.

"Nililala vibaya," likasema zimwi. "Nilijilaza chini, ubavu huu mmoja ukawa unapanda juu, unapanda juu. Sijui kwa nini."

"Pole sana," akasema Bi Mwanamvua.

Lilipoondoka, akapiga hesabu pale mlangoni. Dubu mmoja amenyanyua ubavu. Wawili watanyanyua zaidi kidogo. Na wote? Akageuka kutazama ubaoni. Tisa walikuwa wamebaki, nao wakamtazama kwa macho yao ya vifuu.

Akaenda kwa Mzee Shekimweri, akamweleza.

Mzee akafurahi. "Vema! Tuwaite wanawake wote, washone dubu mia usiku huu!"

"Litawatema," akasema Bi Mwanamvua. "Nilijaribu. Hakuna anayependwa kwa usiku mmoja. Ni hawa wangu tu."

"Basi utawatoa?"

"Mzee, hawa nilizungumza nao siku ambazo sikuwa na mtu wa kuzungumza naye," akasema. Kisha akajifunga kanga kiunoni. "Kesho asubuhi, watu wote wawe kando ya mto."

Jioni ile akawapangusa vumbi wote tisa. Sikio lililolegea akalikaza. Sikudhani akamkumbatia Kibonge, maana ndiye aliyekuwa akilala naye.

"Bibi, Kibonge naye?"

"Naye, mama. Nisamehe."

Sikudhani akafikiri. Kisha yeye mwenyewe akamweka Kibonge kwenye ungo pamoja na wenzake.

Siku ya tatu zimwi likaja. *Nanusa, nanusa, nanusa kinachopendwa!* Likamkuta Bi Mwanamvua ameketi nje mlangoni, ungo mbele yake.

"Leo nataka mtoto!" likanguruma.

"Mtoto mmoja ni harufu moja," akasema Bi Mwanamvua. "Hapa zipo tisa. Chagua."

Zimwi likainama, likanusa, mate yakachuruzika mpaka magotini. "Vyote tisa? Vyangu?"

"Vyako. Ila ule hapa hapa, mbele ya macho yangu. Sipendi mgeni anayebeba chakula."

Likameza wa kwanza, likameza wa pili, likameza wa tatu. Bi Mwanamvua hakugeuza uso. Likameza wote, na wa mwisho alikuwa Kibonge. Likashiba hasa, likacheua, likatazama juu. Loo! Jua limepanda! Likakimbia kwenda mtoni, na Bi Mwanamvua nyuma yake.

Likajitupa kilindini, chubwi! Likaibuka.

Likajitupa tena, chubwi! Likaibuka, tumbo juu kama boga.

Watu kando ya mto wakaanza kushangilia. Lakini mara ya tatu zimwi likavuta pumzi, likapiga mbizi kwa nguvu zake zote, likashika mzizi mkubwa chini kabisa ya kilindi, likang'ang'ania. Maji yakatulia. Mzee Shekimweri akashika kichwa.

Bi Mwanamvua akaingia majini mpaka kiunoni.

"Mpole!" akaita.

Kutoka chini ya maji, wanangu, ikatoka sauti ndogo na povu lake: "Labeka, mama!"

"Sijali!"

"Labeka, mama!"

"Kibonge!"

"Labeka, mama!"

Akawaita wote kumi na mmoja, na wote kumi na mmoja wakaitika.

"Pandeni juu, wanangu! Pandeni sasa!"

Maji yakatokota. Mzizi ukakatika, kacha! Zimwi likarushwa juu, likaelea chali, linapigapiga mikono, na jua limekaa utosini kabisa. Likajaribu kugeuka, likashindwa. Likajaribu kuzama, likashindwa. Likajaribu kulia, na tope la midomo likawa limekwisha kauka. Likapasuka ufa mmoja, likapasuka ufa wa pili, kisha likapasuka lote, likawa mabonge ya udongo yanayozama moja moja. Juu ya maji ikabaki sufi, nyeupe, imetanda kutoka ukingo hadi ukingo, na vitambaa vya kanga vikienda na mkondo.

Watu wakapiga vigelegele. Akina mama wakawakumbatia watoto wao, wakawaambia, "Nilidanganya, mwanangu, nilidanganya!" Wakawaambia mara kumi, maana uongo ule ulikuwa umeingia ndani na haukutoka kwa mara moja.

Bi Mwanamvua alisimama majini akilia. Hakujificha. Sikudhani akamshika mkono, wakaangalia vitambaa mpaka vilipokata kona ya mto.

Siku tatu hakugusa sindano. Ubao ulikuwa mtupu, maana yule aliyetemwa alibaki ameanikwa uani bila jina, na asubuhi alipoamka alifungua kinywa kuamkia, akakumbuka hakuna wa kuamkiwa. Siku ya nne akamwambia Sikudhani, "Lete ile kaniki." Akakata, akashona, akashindilia. Alishona taratibu vile vile na kwa mapenzi yale yale, wala hakujizuia hata kidogo.

Alipokuwa akifunga uzi wa mwisho, akapita mwanamke kutoka ng'ambo ya mto, na mtoto mgongoni. Mtoto akamwona dubu. Hakuomba, alinyoosha mkono tu, vidole vyote vitano.

"Mama wee, acha!" mama yake akasema kwa haya. "Bi Mwanamvua, msamehe, hajui."

Bi Mwanamvua akamtazama dubu. Tumbo lake lilikuwa zuri, pengine zuri kuliko yote aliyowahi kushona. Maneno yalikuwa yamekwisha fika mdomoni: bado, huyu bado. Akayameza. Akasimama, akamweka dubu kwenye vile vidole vitano, na vidole vikafumba.

"Anaitwa nani?" akauliza yule mama.

"Mimi sikumpa jina," akasema Bi Mwanamvua. "Mwenyewe atampa."

Akarudi kukaa, akatunga uzi mpya kwenye sindano.

Hadithi yangu imetua mzigo wake hapo, mimi nakwenda kunywa uji. Nanyi mkirudi nyumbani mjue hivi: ukimpenda mtu, mwambie, usimfiche hata kwa hofu. Na kitu ulichokitengeneza kwa mikono yako kipende sana, lakini mwenzako akikihitaji, fungua mkono.