Neno Fupi Baada ya Jina la Tajiri

Nakijwa alikuwa mpiga chapa pekee katika mji mmoja mdogo wa milima ya Upare, na kibaraza alichofanyia kazi kilikuwa mali ya tajiri Mbwambo. Siku moja tajiri akamjia.

"Mkuu wa wilaya anakuja Ijumaa kunivika nishani. Niandikie barua ya Kiingereza kwamba nilijenga zahanati hapa."

"Zahanati ipi, Bwana? Si wajawazito bado tunawateremsha bondeni kwa machela?"

"Andika, ama uhamishe mashine yako."

Nakijwa akaandika. Tajiri hakujua Kiingereza, lakini jicho lake lilikuwa kali. "Hili neno fupi baada ya jina langu ni la nini?"

"La heshima, Bwana. Linamkuza mtu."

"Basi liweke mara mbili."

"Moja linatosha."

Akatia sahihi.

Ijumaa mkuu wa wilaya akaisoma barua mbele ya umati, akiitafsiri: "Mimi, Mbwambo, nitajenga zahanati hapa kwa gharama yangu mwenyewe." Vigelegele vikapaa. Mkuu akairudisha nishani mfukoni, akasema ataileta siku ya uzinduzi.

Tajiri akamwinamia Nakijwa, akinong'ona. "Nilisema nilijenga!"

"Na kujenga nimekuandikia, Bwana. Nimekosea wakati tu, kwa lile neno fupi, 'will'. Nisimame niwaambie kwamba hujengi?"

Tajiri akawatazama akina mama waliokuwa wakicheza.

"Kaa chini," akasema.

Jumatatu mafundi wakaanza kuchimba msingi.