Paja la Bunduki

Sogeeni, na mwenye usingizi akanawe uso, maana hadithi hii haiishi bila nyinyi.

Kijijini Igalukilo walikuwapo watu watatu. Shija alikuwa na masikio: panya akijikuna ng'ambo ya mto, yeye anasikia. Lugendo alikuwa na shabaha, hakujua kukosa. Mihayo hakuwa na masikio wala shabaha, ila alikuwa na gobori la marehemu babu yake, na kijiji kizima hakikuwa na jingine.

Nguruwe pori walipomaliza mihogo ya watu, watatu hao wakashirikiana. Shija alisikia, Lugendo alipiga, gobori likanguruma. Nyama iligawanywa kwa desturi: fungu la sikio, fungu la jicho, na paja la bunduki. Paja hilo lilikuwa la Mihayo hata akibaki nyumbani amelala. Na alilala sana!

Asubuhi moja yenye ukungu, Mihayo akiwa kitandani na jino lake bovu, Shija alinong'ona, "Kuna kitu kwenye mihogo ile." Lugendo akafyatua. Hakukosa. Alimwangusha maksai aliyefungwa kamba ndani ya shamba la mwenye maksai, Bi Nyamizi, mjane. Mama huyo alikuwa na maksai wawili tu wa kulimia, na mvua zimeanza. Nakwambieni, iliuma.

Kikao kikaitwa.

"Nilisema kuna kitu," akasema Shija. "Sikusema nguruwe."

"Nilipiga nilipoelekezwa," akasema Lugendo.

"Mimi nilikuwa na jino!" akasema Mihayo.

Bi Nyamizi akamtazama. "Shemeji, mbona leo hudai paja la bunduki?"

Watu wakacheka mpaka mwenyekiti akafuta machozi. Kisha akatoa wazo: tangu sasa, mwenye bunduki aweke ng'ombe kwenye zizi la kijiji kabla ya kutia baruti, iwe bima ya atakayeumizwa.

Mihayo akaruka. "Mbona mwenye jembe haweki? Jembe nalo hukata mguu!"

"Jembe haliruki hadi shamba la jirani," akajibu Bi Nyamizi.

"Lakini nitalipaje kosa ambalo sijalifanya?"

"Na mimi, shemeji, nimelipa kosa gani?"



Haya, wewe unayecheka hapo nyuma. Nani ampe Bi Nyamizi maksai: sikio, jicho, au bunduki? Na kesho, mwenye bunduki aweke ng'ombe kwanza, au tungoje iue tena? Amua upesi, mama wa watu anataka kulima.