Aliyeiokoa Sauti ya Mzee Kibwana

"Mama, chagua leo. Nisipokuwa mimi, usinihesabu kwenye mazishi yako."

Shomari ndiye aliyemwambia hivyo Bi Mashavu, mama yake mzazi, na majirani wakisikia. Bibi wa watu kakaa uani juu ya sanduku lake. Nyumba yake ya Kilosa imelala ukuta kwa mvua, sharti ahamie kwa mtoto. Mwenyewe alishatamka: "Nitakwenda kwa aliyeniokolea sauti ya baba yenu." Alidhani yuko mmoja. Wakatokea watatu.

Sauti yenyewe imo kwenye kompyuta ya nyumbani, kwingine kokote haimo. Marehemu Mzee Kibwana alijirekodi kabla hajafa, akimwimbia mkewe na kumtania mapishi yake. Kila alasiri Bi Mashavu humsikiliza, na humjibu.

Shomari kajaliwa kuchambua. Wenzake wananunua kwa rangi ya boksi, yeye anauliza: hii antivairasi, programu ya kukinga mafaili yasiharibiwe, itaimudu kompyuta kuukuu? Inakagua flashi kabla haijafunguliwa? Vairasi wapya wakija, itawajua? Akachagua moja nyepesi. Rafiki yake Mbegu, fundi, alikuwa kawawekea nakala ya wizi, Shomari akaing'oa. "Umeniita mwizi," Mbegu akasema. Urafiki wa tangu utotoni ukaishia hapo.

Chiku, dada yake, kajaliwa miguu. Ukimtuma harudi mikono mitupu. Ile halisi ilikuwa Morogoro mjini, na barabara imekatika. Akapita kwenye matope, akaileta, akaiweka. Kule mgahawani alikopika, kwa siku alizokosa kazini, sufuria zake akapewa mtu mwingine.

Tausi, mke wa mdogo wao, kajaliwa kutoyumba. Mjomba wake, yule aliyemlea mpaka akamwoza, alikuja na flashi yenye video ya harusi. Kuichomeka tu, antivairasi ikatoa alama nyekundu, ikagoma.

"Izime hiyo, mwanangu, tuone harusi."

"Sizimi, mjomba."

"Yaani mimi nimewaletea maradhi?"

"Flashi yako, mjomba. Si wewe."

Akaondoka wali ukiwa mezani. Flashi ileile akaenda kuichomeka kwa mwanawe, na picha zote za huko zikajifunga, hazijafunguka mpaka leo. Lakini salamu ya Tausi haitikii.

Sasa wamesimama uani, kila mmoja na lake.

"Nisingechagua mimi, ingekuwepo ile takataka ya Mbegu," anasema Shomari.

"Umechagua, haya. Ilikuja na mabawa?" anasema Chiku.

Tausi anaongea taratibu. "Ninyi baba yenu alikufa mkamzika. Wa kwangu ni mjomba, yuko hai, na nimemtoa kwa ajili ya sauti ya baba yenu."

Bi Mashavu anawatazama. Yeye si shamba, hagawiki. Akimfuata mmoja, wawili wamekwisha kuapa kutokanyaga huko. Kompyuta iko miguuni pake, imefungwa kwenye kanga. Alasiri imefika, na katika hao watatu hakuna aliyekumbuka kumwashia amsikilize mumewe.

Je, wewe ungempeleka kwa nani? Likikushinda, mpelekee jirani yako, naye ampelekee wa kwake. Atakayepata jibu afike Kilosa amwambie, maana bibi bado yuko juu ya sanduku.