Moto Ambao Nyegere Hakuuona

Hapo zamani za kale, wajukuu zangu, wanyama walipokuwa na nyumba na majiko kama sisi, aliishi Panya Buku mmoja mjane, jina lake Bi Tunu. Nyumba yake ilikuwa shimo kando ya jalala, nyuma ya uwanja wa karamu. Humo alilala na watoto wake, na mlangoni aliweka chungu.

Chungu chenyewe kilinuka, msiniulize. Kilijaa maganda ya ndizi, ukoko wa wali na matope ya mtaroni. Alikiziba kwa udongo, usiingie hata upepo. Juu akachomeka kikonyo cha jani la mpapai, kile chenye uwazi ndani, akakifunga mdomo kwa nta.

Asubuhi moja Bi Tunu alibandika sikio kwenye chungu. Jana yake Nyegere alikuwa amepita. Nyegere mnamjua: haogopi nyuki, haogopi nyoka, na kucha zake hufukua ardhi kama jembe. Alikuwa ametoka kumfukua jirani, manyoya bado yamemganda mdomoni.

"Kesho jua likiwa juu nitarudi," alisema. "Utanitolea mtoto mmoja. Ukikataa, nawafukua nyote."

Siwema, kifungua mimba wa Bi Tunu, alinong'ona, "Mama, mbona chungu kimya?"

"Wadogo hawajaamka."

"Wadogo gani?"

"Wamo humo, wengi ajabu, macho hayawaoni. Hawa wanayavunjavunja mabaki, wale wanayachachusha, na wakifanya kazi pamoja hutoa pumzi inayoshika moto."

"Mbona ulipojaribu mara ya kwanza haikutoka?"

"Walikuwamo walafi, waliimeza. Safari hii niliyachemsha matope kwanza, walafi wakafa. Wachapakazi wana magamba magumu, hujikunyata mpaka joto lipite."

"Na kama nao wamekufa?"

 Swali hilo ndilo lililomkosesha Bi Tunu usingizi.

Mara wakasikia kwata, kwata, kwata. Mchanga ukaporomoka darini, watoto wakajibanza ukutani.

"Hodi hapa," Nyegere alinguruma.

"Karibu, mjomba." Bi Tunu akatoka na kaa la moto kwenye koleo.

"Nipe changu niende."

"Utapewa. Ila wadogo zangu wamo chunguni, nao ndio walinzi wa nyumba hii. Wasalimie kwanza."

Nyegere akacheka mpaka mate yakamruka. "Simba simwogopi, niogope chungu?"

Chungu kimya. Nyegere akakunjua kucha, akachota udongo wa mlangoni. Ndani mtoto akalia. Bi Tunu aliona giza machoni, maana hakuwa na hila nyingine.

Blup.

Kisha blup, blup, blup, mpaka chungu kikatetemeka. Wadogo wameamka! Bi Tunu akabandua nta, akaacha pumzi itoke kidogo, akasogeza kaa. Puf.

Jua lilikuwa kali, mwali haukuonekana.

"Moto wenyewe uko wapi?" Nyegere aliuliza.

"Hapo mdomoni mwa kikonyo. Kama huogopi, nusa."

Nyegere kuambiwa anaogopa? Akaisogeza pua yake nzima kikonyoni. Chwiii! Sharubu zote zikaungua.

Akaruka nyuma, akakodoa macho. Aliona kikonyo kitupu.

"Nini kimeniuma?"

"Moto wa wadogo zangu, mjomba. Hauonekani."

"Sasa uko wapi?"

"Hata mimi siuoni. Huenda umeshakupanda mgongoni."

Maskini Nyegere, alizoea kupigana na anachokiona. Akageuka, hakuna kitu. Akageuka tena, na ile harufu ya nywele zilizoungua ikamfuata kila alikogeukia. Hofu ikamwingia kwa mara ya kwanza maishani mwake. Akatimua mbio, akajigaragaza mavumbini, akainuka, akakimbia tena mpaka akatokomea.

Bi Tunu akaketi chini. Siwema akachungulia.

"Mama, nitoke? Moto bado unawaka?"

"Pumzi ilikuwa kidogo, mwanangu. Ulizimika kabla hajageuka mara ya pili."

"Mbona bado anakimbia?"

"Hakuuona ukiwaka," alisema Bi Tunu. "Atauonaje ukizimika?"

Basi, wajukuu zangu, msimdharau mtu kwa kuwa ni mdogo, hata akiwa mdogo wa kutoonekana.