Pumba, Mchanga na Ukucha Mmoja

Hapo zamani, kabla bomba la maji halijapanda mlima wa Kirongwe, kulikuwa na kijiji cha wafinyanzi, wote wanawake. Wanawake wale walikuwa na desturi mbili, nanyi zishikeni zote mbili, maana mwishoni nitawauliza.

Ya kwanza: mtungi wa aina ngeni ukitolewa nje, kila apitaye alichovya mkono majini akaupapasa, ndiyo hongera yake. Ya pili: mtu akigundua namna mpya ya kufinyanga, kijiji kilifinyanga mtungi mmoja mkubwa, na shingoni mwake mgunduzi akabonyeza ukucha wake. Mtungi mmoja, ukucha mmoja. Mtungi huo ulikaa mlangoni mwa shule, watoto wote wakanywa humo, na mwenye ukucha hakusahaulika tena.

Basi alikuwepo msichana wa miaka kumi na miwili, Nakijwa. Marehemu mama yake, Nashera, alichanganya udongo na pumba za mpunga, na wenzake wote walichanganya na mchanga. Walimcheka, jamani! "Nashera anawafinyangia kuku!" Akafa wanamcheka. Aliacha mtungi mmoja tu wa pumba, na maji yake yalikuwa baridi mpaka meno yanauma. Nakijwa alitaka jambo moja duniani: wakome kumcheka mama yake.

Siku moja mwalimu akaleta shuleni kipimajoto. Nakijwa akakiomba, mbio mpaka nyumbani! Akakitumbukiza katika mtungi wa mama, pale dirishani: nyuzi kumi na tisa. Mbio kwa jirani! Akakitumbukiza katika mtungi wa mchanga, kando ya jiko: nyuzi ishirini na sita!

"Pumba imeshinda! Pumba imeshinda!" alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka.

Kijiji kizima kikatoka. Bibi Namvumo, mkuu wa wafinyanzi, naye akatoka, udongo mpaka viwikoni, hasira karibu. Lakini kabla hajafungua kinywa, akatokeza Sekunda, katoto ka miaka tisa kasikojua kufinyanga hata kibakuli.

"Dada Nakijwa, umeuonea mtungi wa mchanga," alisema. "Mmoja umeuacha dirishani, mwingine umeukuta jikoni. Mmoja mdogo, mwingine mkubwa. Maji ya huku ya jana, ya kule ya leo. Sasa kilichopoza maji ni pumba, au ni upepo? Utajuaje?"

Watu wakaangua kicheko. Nakijwa alitamani kumfinya.

"Badilisha kitu kimoja tu," Sekunda akaendelea. "Kimoja! Vingine vyote vifanane."

"Vifanane vipi, mjukuu wangu?" akafoka Bibi Namvumo. "Nani kakuambia mitungi huzaliwa mapacha?"

Macho yote yakamgeukia Navone. Huyu alikuwa na miaka kumi na mitano, na mikono yake haikuwa na mpinzani pale mlimani. Tena ndiye aliyecheka pumba kuliko wote.

"Nitafinyanga mimi," akasema Navone. "Na mchanga utashinda. Mtaniambia."

Akaingia kazini. Udongo wa shimo moja. Pumba kata tatu huku, mchanga kata tatu kule. Akapima matumbo ya mitungi kwa kamba, akapima unene wa kuta kwa kijiti, akaichoma katika moto mmoja. Jozi ya kwanza ikapishana unene wa ukucha, akaivunja. Ya pili akaivunja. Ya tatu akaivunja huku analia kwa uchovu. Ya nne ikatoka pacha kwelikweli. Angeweza kuzinenepesha kidogo kuta za mtungi wa pumba ili ushindwe, na nani angejua? Hakufanya hivyo.

Wakaiweka mitungi benchi moja, kivuli kimoja, maji ya chemchemi moja, kata kumi kila mmoja. Sekunda na Navone wakaenda darasani, Nakijwa akaachwa alinde. Adhuhuri wakaja wote. Mwalimu akatumbukiza kipimajoto.

"Mchanga, ishirini na tatu. Pumba... kumi na nane!"

Nyuzi tano! Vigelegele vikapasua anga. Bibi Namvumo, yule mkali, akafunika uso kwa mikono ya udongo. "Nashera, mwanangu," akalia, "tusamehe!"

Nakijwa alikuwa amelisubiri neno hilo miaka mitatu, tangu mama azikwe. Lakini moyo wake ulikuwa mzito, kwa maana asubuhi aliona kitu. Wanawake walipokuwa wakirudi kutoka chemchemini walipita benchini, na kila mmoja akachovya mkono katika maji aliyobeba, akaupapasa mtungi wa pumba, kuupongeza. Wa mchanga waliuona wa kila siku, wakaupita. Mmoja ulishinda umelowa nje, ukipozwa na upepo, mwingine mkavu. Yeye aliona na akanyamaza. Hakuna mwingine aliyelifikiria.

Akamtazama Bibi anavyolia. Anyamaze tu? Mama ameshaombwa msamaha!

"Bibi, subiri," akasema, na machozi yakamtoka. "Wameulowesha. Nimewaona. Haihesabiki."

Sekunda akaruka juu. "Vimebadilika vitu viwili! Pumba na mikono ya majimaji! Tuanze upya!"

Wakaanza upya. Safari hii Bibi Namvumo mwenyewe alisimama na fimbo, na aliyenyoosha mkono aliukunja haraka. Siku ya kwanza pumba ikashinda kwa nyuzi mbili. Siku ya pili, tatu. Siku ya tatu, mbili. Si tano tena, lakini kila siku pumba! Navone akavua kilemba akakitupa chini.

"Nimeshindwa," akasema, "na nimeshindwa kwa haki."

Wakaufinyanga mtungi mkubwa siku ileile, udongo na pumba, watu wakiimba. Ukasimama juani, shingo bado mbichi, unangoja ukucha.

"Semeni upesi," akasema Bibi Namvumo. "Udongo unakauka."

Nakijwa akasema: "Bila mimi msingeuliza. Na nilipoona kosa, nililitaja, nikaupoteza ushindi wangu mwenyewe. Ukucha ni wangu, na umepinda kama wa mama."

"Kosa uliliona asubuhi, ukalitaja adhuhuri," akajibu Sekunda. "Bila mimi hadi leo mngekuwa mnapima dirisha na jiko. Ukucha ni wangu."

"Wewe hukushika hata tonge la udongo!" akasema Navone. "Bila mimi mngepima nini? Nimevunja jozi tatu ili nitendee haki kitu nilichokicheka. Ukucha ni wangu."

"Wewe ulimcheka mama yangu," akasema Nakijwa polepole, na Navone akainamisha kichwa.

Bibi Namvumo akamtazama huyu, akamtazama yule, akamtazama wa tatu. Mkali yule, kwa mara ya kwanza, akawageukia watu wamsaidie kuamua. Wasichana watatu wakanyoosha vidole gumba vitatu, na nafasi ilikuwa moja. Ukingo wa shingo ukaanza kupauka kwa jua.

Haya, ninyi mnaonisikiliza, upesi, udongo haungoji mtu: aliyeuliza na kuungama, aliyetaka vyote vifanane, au aliyevifananisha kwa mikono yake? Je, ukucha wa nani ulistahili kubonyezwa?