Machozi ya Mti wa Ubani

Zamani sana, katika milima mikavu ambako mvua hupita kama mgeni asiyetaka kukaa, mti wa ubani haukuwa na utomvu. Dawa yake ilikuwa ganda. Mtu akibanwa kifua, alichemshiwa ganda. Mama akijifungua, alioshwa kwa maji ya ganda. Na kwa kuwa mti hausemi, watu waliubandua kuuzunguka wote, ukafa, wakahamia mwingine.

Mwishowe ukabaki mmoja tu, juu kabisa mlimani. Nao ulikuwa umebanduliwa vibaya. Uhai wake ulishikiliwa na utepe mmoja wa ganda, upana wa vidole viwili.

Wakati huo mtoto wa Naisula, wa miezi mitatu, alibanwa kifua. Siku ya tatu akakataa ziwa. Naisula akamfunga mgongoni kwa mbeleko, akachukua kisu, akapanda mlima na mama mkwe wake, Nolari.

"Kata upesi," Nolari alisema.

Naisula akaweka kisu kwenye ule utepe, mkono ukamgoma. Alikumbuka siku aliyojifungua, damu ilivyokataa kukoma mpaka alipooshwa kwa maji ya ganda la mti huu huu.

"Mama, nikikata hapa mti unakufa. Kesho akikohoa tena nitampa nini? Na watoto wa wenzangu?"

Akampakatisha Nolari mtoto. Akakanda udongo kwa maji yao ya kunywa, akaupaka kwenye vidonda vya mti, kisha akauzungushia mbeleko na kuufunga.

"Makubwa haya!" Nolari akafoka. "Mjukuu wangu anakata roho, mkaza mwanangu anauvisha mti nguo! Upikie na uji basi!"

Naisula akaegemeza paji la uso kwenye shina, machozi yakimtoka. "Asante kwa siku ile," akaunong'oneza. "Sikuwahi kukuambia."

Hakuna mtu aliyewahi kuuambia mti ule neno hilo. Chini ya mbeleko likachuruzika tone jeupe, zito, lenye harufu nzuri. Kisha la pili. Nolari akakinga kiganja.

Walishuka mbio. Matone yakatiwa kwenye chungu cha maji ya moto, mtoto akashikwa juu ya mvuke. Akapiga chafya, akapiga nyingine, akalia kwa nguvu, kisha akageuza kichwa kutafuta ziwa.

"Nyonya, baba, nyonya," Nolari akasema.

Na tangu siku hiyo, mti wa ubani ukikwaruzwa kidogo tu hutoa machozi, na hakuna haja ya kuubandua. Ganda lake ni jembamba, huchanika kama kitambaa kilichofuliwa sana, kwa maana ndiyo mbeleko ile. Nasi tukienda kuvuna, hushukuru kwanza, kabla hatujapata kitu. Tone la kwanza hatuligusi. Hilo ni la mama atakayekuja nyuma yetu na mtoto mgongoni, hata kama hatumjui.